Mwenge wa Binti Nuhu

Kitui mjini,
Jumapili, 16 Novemba 2025

Kaka yangu Othman,

Asalaam aleikum. Hujambo huko Kibwezi kwenye bamia na matikiti yako? Mimi sijambo, na zaidi ya sijambo. Kaka, nina furaha ambayo sijui niiweke wapi ndani ya vyumba viwili. Nikiisukuma kona hii inatokea kona ile. Mama ananiambia kwenye simu kwamba nimekuwa kama mtoto aliyeonjeshwa sukari, nami namjibu, Mwaitu, sikuonjeshwa, nimepewa kilo nzima!

Leo ni wiki tatu na siku moja tangu harusi. Ngoja nikueleze nyumba. Duka la mapazia liko mbele, sisi tuko nyuma, na kati yetu na wateja kuna pazia moja tu la kijani, ambalo Abdulmalik alilishona mwenyewe wiki ya mwisho kabla ya kunichukua. Wateja wakipungua ananiita kutoka upande ule, "Nasima?" bila sababu yoyote. Nikiuliza anataka nini, anasema alitaka tu kujua kama nipo. Hebu niambie, kuna mwanamume mwingine Kenya hii anayefanya hivyo?

Jana mteja mmoja aliniuliza tulikutana wapi, nikamsimulia mpaka akasahau kununua pazia. Nilianzia Emali, kwenye chumba cha gemu cha Baba, nyuma ya kinyozi, zile TV mbili na viti vya plastiki, na ile kaseti ya gemu ambayo Baba aliipenda kuliko zote. Maandishi yake yalikuwa ya Kijapani, kwa hivyo Baba akaipa jina lake mwenyewe, Ngome Tisa, na mpaka leo nusu ya Emali hawajui kama ina jina lingine. Nikamwambia jinsi, miezi minane baada ya Baba kutuacha, wenye gemu ile wakaitengeneza upya kwenye simu, bure kabisa, na jinsi mimi na wewe tulivyousikia ule muziki wake tukaangaliana. Nilijiita BintiNuhu, kwa jina la Baba. Ukiingia unapangwa kwenye kikosi cha watu tisa, na kila mmoja sharti awashe mwenge wake kila siku, kwa sababu mmoja akikosa siku mbili ngome inaanguka na wote wanarudi mwanzo. Na kiongozi wa kikosi changu, katika dunia nzima, akawa mwuza mapazia wa Kitui! Mteja alicheka mpaka akashika meza. Sikumwambia kwamba nilipoenda kurudia Kidato cha Nne Mwingi, muhula ule wa tatu, ni wewe uliyebaki na simu yangu ukauwasha mwenge siku themanini na nane. Hiyo ni yetu sisi. Hata Abdulmalik hajui.

Lakini kaka, mbona ulitoka nje siku ya harusi? Abdulmalik aliposimama kuongea aliwaliza shangazi zake wote. Alisema kwamba mama yake, Bi Bushra, alipokuwa mgonjwa, nilimwandikia ndani ya gemu: "Usimwambie atapona. Mwambie uko hapa." Akasema tangu siku hiyo alijua ni mimi. Mimi sikumbuki kuandika maneno hayo. Nikihesabu miezi haikai sawa, lakini nani anahesabu miezi akiwa kwenye fungate? Huenda niliandika kitu karibu na hicho, naye amekipamba kama anavyopamba madirisha ya watu. Nilipotafuta uso wako nikaona kiti kitupu. Mama akasema umeenda kuangalia pilau. Kaka, pilau ilikuwa mezani.

Simu yako haipatikani, kwa hivyo barua hii ataileta Mbaluka, dereva wa lori lenu la kanta, kwa kuwa huja na mizigo hapa sokoni. Amesema, "Nasima, mimi hubeba matikiti, na sasa nabeba mapenzi. Malipo ni yaleyale, chai na mandazi mawili." Nimempa matatu.

Dada yako mwenye bahati,
Nasima


Kibwezi,
7 Desemba 2025

Mdogo wangu Nasima,

Waaleikum salaam. Barua nimeipata. Ina mafuta ya mandazi kwenye kona.

Huku ni salama. Mvua imenyesha, mto umepanda, pampu imeziba matope mara mbili na mara mbili tumeifungua. Bamia ziko sawa. Matikiti mengine yameanza kuoza upande wa chini. Mama nimempelekea nyanya Emali, magoti yake yamepoa kidogo.

Simu yangu iliingia kwenye mfereji wiki ile ya harusi. Nimepata simu ndogo, kabambe, ya kupiga tu, na huku network ni mpaka upande kilimani. Andika barua, ni sawa.

Siku ya harusi moshi uliniingia machoni.

Nafurahi kwamba unafurahi. Abdulmalik ni mtu mzuri, ni mtu wa kukaa na wake mpaka mwisho. Hilo nilikuwa nalijua.

Gemu mimi niliacha. Nyinyi bado mnacheza?

Kaka yako,
Othman


Kitui,
4 Januari 2026

Kaka yangu mpendwa,

Asalaam aleikum na mwaka uwe wa heri kwako, kwa bamia, na hata kwa hiyo pampu yako yenye kiburi.

Tulikwenda Emali kumwona Mama. Ungemwona Abdulmalik! Hata chai haijamiminwa ameshatoa tepu mfukoni anapima madirisha. Mama akamwambia, "Baba, keti kwanza, madirisha hayatoroki." Siku ya pili ameyavisha yote mapazia ya rangi ya machungwa, na Mama sasa anakaa sebuleni kama waziri. Alitupikia muthokoi, na Abdulmalik, ambaye kwao hula wali siku saba za wiki, alikula sahani mbili na kuomba sufuria ili aikwangue. Nilimpenda upya palepale.

Tunacheza, ndiyo. Au tulikuwa tunacheza. Kumetoka tangazo: Ngome Tisa ya simu inafungwa tarehe 31 Machi, saa sita mchana. Wachezaji wamepungua, wanasema. Watu tisa wa kikosi chetu tumebaki wawili, mimi na yeye, mwenge na mwenge. Unaijua gemu hiyo, kuingia ni bure, kinachouma ni kubaki. Ukifa unangoja muda wa saa sita au unanunua uhai. Hata ujumbe wenu wenyewe wameufungia: unaona wa siku saba tu, wa nyuma unafunguliwa kwa vito, na vito ndivyo wanavyouza. Sasa kwa kuwa wanaondoka wamekuwa wakarimu. Kuanzia mwezi huu ujumbe wote tangu siku ya kwanza uko wazi kwa kila mtu.

Na sikia anachotaka kufanya huyu mume wangu! Anataka kuuchapisha wote saiba, kule kwenye kompyuta za kulipia, tangu salamu ya kwanza hadi siku aliyoniposa, aushone uwe kitabu, na jalada liwe la kitambaa kilekile cha kijani cha pazia letu. Anasema watu wengine wana picha, sisi tuna maneno. Nilimkumbatia mbele ya mteja.

Kaka, kuna kitu kidogo. Uliandika kwamba ulikuwa unajua Abdulmalik ni mtu wa kukaa na wake mpaka mwisho. Ulijuaje? Kabla ya harusi mlionana mara moja tu, tena mkaongea bei ya mbuzi. Na muhula ule, uliwasha mwenge tu, au ulimwandikia chochote? Hata salamu? Sikuulizi kwa ubaya. Nataka tu kujua kabla kitabu hakijashonwa.

Nasima wako


Kibwezi,
25 Januari 2026

Nasima,

Salamu kwako na kwa shemeji. Mama amenisifia mapazia mpaka Mbaluka naye anataka ya kanta.

Hapa jua limerudi kali. Tunamwagilia asubuhi na jioni. Nimechomwa mguu na mwiba, umepona.

Nimekuwa nikiikumbuka ile kaseti. Unakumbuka ukimaliza ngome ya tisa? Mzee wa lango alikuwa anatoka, anakupigia saluti, anapuliza taa, na TV inakuwa nyeusi. Baba hakuwa anaturuhusu kugusa pedi za kuchezea mpaka mzee apulize taa. Alikuwa anasema, mpeni mzee heshima yake, amesimama hapo tangu asubuhi. Hii ya simu nilicheza siku themanini na nane na sikuona mwisho wowote. Mzee yule wamemgeuza mwuza duka, amesimama langoni anauza vito. Hawawezi kuimaliza, kwa sababu ikiisha watauza nini?

Kwa hivyo ikifungwa, iache ifungwe. Kitabu msishone. Maneno ya watu wawili hayahitaji mwenye saiba ayaone. Mwambie mpigwe picha.

Ulichouliza: niliwasha mwenge.

Othman


Kitui,
8 Februari 2026

Kaka,

Asalaam aleikum. Sote wazima. Mama ni mzima. Salamu zimeisha.

Abdulmalik alileta karatasi kutoka saiba Jumanne, rundo la unene wa Msahafu, akaniwekea mapajani kama mtu anayeweka mtoto. Akarudi dukani. Nikafungua mahali popote tu. Tarehe 3 Oktoba 2023. Tarehe hiyo mimi nilikuwa Mwingi, bweni la pili, kitanda cha juu.

Yeye ameandika: "Binti Nuhu, daktari amesema tumrudishe Mama nyumbani."

BintiNuhu amejibu: "Basi mrudishe. Weka kiti karibu na kitanda, si mlangoni. Mimi nilikaa mlangoni, Baba akaniuliza kama nangoja gari."

Nilicheka, kaka. Nilicheka kwa sababu nilimsikia Baba kabisa, sauti yake. Kisha nikaendelea kusoma.

"Asipoweza kunywa, lowesha pamba umpitishie kwenye midomo." "Baba alipenda asikie watoto wakicheza gemu chumba cha pili, kwa hivyo mlango tuliuacha wazi." "Siku ya tisa mikono ilipoa, lakini miguu ilikuwa bado na joto, nikaishika miguu." "Usimwambie atapona. Mwambie uko hapa."

Siku ya tisa! Mimi mliniambia alilala tu. Nilitoka kwenye karatasi ya mwisho ya mtihani, mwalimu akaniita ofisini, wewe ukawa umekaa pale na kofia mkononi, ukaniambia Baba alilala mchana na hakuamka, hakusikia chochote, na kwamba tayari amezikwa. Miaka mitatu nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa usingizi ule. Nimewaambia watu. Nimemwambia Abdulmalik! Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akanishika mkono, akasema kila mtu husimulia awezavyo. Alidhani nimechagua kusahau.

Mtu wa Kitui ambaye hujawahi kumwona uso ulimpa siku tisa za Baba. Mimi ulinipa usingizi.

Na jina uliloandikia ni langu. Nimeolewa kwa sababu ya usiku na mchana ambao sikuwepo. Anaponiita kutoka upande ule wa pazia sasa nasita kabla ya kuitikia, nikijiuliza anamwita nani.

Yeye hajui. Ameshanunua uzi wa kushonea.

Nasima


Kitui,
1 Machi 2026

Othman,

Ramadhani njema. Mbaluka amekuja bila barua. Nilimuuliza kama umeugua, akasema, "Huyo? Ni mzima kama punda, ila amekuwa bubu. Nimemwambia Nasima anangoja jibu, akanipa tikiti." Nimelipokea tikiti. Sijalikata.

Sasa sikia kinachotokea hapa. Kila siku baada ya futari Abdulmalik ananisomea ukurasa mmoja. Anasema ni zawadi yake ya Ramadhani. Anasoma sehemu yake kwa sauti yake, na sehemu ya BintiNuhu anaisoma polepole, ananitazama, kama mtu anayemrudishia mwenyewe kitu alichookota. Jana alifika siku Bi Bushra alipofariki. Saa tisa alasiri ameandika, "Anapumua mara moja moja." BintiNuhu amejibu, "Niko hapa." Baada ya dakika nne tena, "Niko hapa." Mara kumi na saba, kaka. Nilizihesabu akizisoma. Alipomaliza alinibusu paji la uso, akasema hakuna mtu aliyewahi kumfanyia kitu kikubwa kuliko hicho.

Nilikuwa na tende mdomoni. Sikuweza kuimeza wala kuitema.

Kila siku ninayonyamaza nakuwa mwongo kwa mkono wangu mwenyewe, si kwa wako tena. Nitamwambia. Idi ikipita nitamwambia. Kama una neno, lilete kabla.

Nasima


Kibwezi,
8 Machi 2026

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara nne. Mbaluka anapiga honi, kwa hivyo hii ndiyo itakayokwenda.

Ni kweli. Uliniambia niwashe mwenge na nisiongee na mtu. Siku kumi na moja sikuongea. Ya kumi na mbili kiongozi aliandikia kikosi kizima kwamba huenda akakosa kuwasha, mama yake amelazwa, anaomba radhi ngome ikianguka. Watu saba wakamtumia picha za vidole gumba. Wewe hujui ilivyokuwa kuona vile vidole. Nikamwandikia nitakesha na ngome, wewe kaa na mama. Akauliza kama nimewahi kukaa na mgonjwa. Nikasema ndiyo.

Sikupanga. Nilipanga kumwambia kesho kwamba mimi ni ndugu yake BintiNuhu, na kesho mama yake akazidiwa, na kesho yake. Ukimshika mtu mkono gizani huwezi kusimama katikati umwambie jina lako silo. Baadaye ulirudi kutoka shule, nikakupa simu, nikakuambia hakuna kilichotokea. Nilijua ujumbe wa nyuma umefungwa na wewe hununui vito. Nilidhani mtaongea wiki moja mwachane. Sikujua mtapendana. Ulipoanza kuniimbia habari zake nilikuwa nimechelewa, halafu kila siku nikachelewa zaidi.

Simu haikuanguka mferejini. Niliitupa.

Usimwambie kwa ajili yangu, wala usinyamaze kwa ajili yangu. Kuhusu Baba nitakuambia, lakini si kwa kuharakishwa na honi.

Othman


Kitui,
22 Machi 2026

Kaka,

Idi ilipita jana. Nilipika biriani, nikavaa gauni la buluu, nikapokea wageni kumi na wanne, nikacheka na kila mmoja. Leo asubuhi alitoa karatasi, kitambaa, sindano na uzi. Nikamshika mkono wenye sindano.

Nilimwambia yote. Muhula, simu, mwenge. Nilimwambia nimejua tangu Februari na nimemwacha anisomee Ramadhani karibu yote. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alikunja kitambaa, akakinyoosha, akakikunja tena, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Siku ile saa tisa, aliyekuwa upande wa pili ni nani?"

Nikasema, "Kaka yangu."

Akasema, "Kwa hivyo miaka miwili nimemshukuru mtu ambaye si yeye." Akapita pazia. Nilimngoja aniite. Wateja walikuja wakaenda, na hakuniita.

Mchana Mbaluka alipokuja, Abdulmalik alitoka dukani amevaa viatu vya Idi, akamuuliza kama kuna nafasi mbele. Mbaluka akasema, "Ipo, ila utashikilia kreti." Sasa naandika haraka nimeegemea tairi. Barua hii itakuwa mfukoni mwa Mbaluka na mume wangu ameketi kando yake, na wote wawili watakufikia pamoja. Sikumuuliza anakuja kukufanya nini. Hakuniaga. Kaka, sijui kama ananirudia. Sijui.

Nasima


Kibwezi,
Jumatano, 25 Machi 2026

Nasima,

Barua hii anakuletea Abdulmalik mwenyewe. Anarudi kwa basi. Nitaifunga kwa gundi, na hajaomba kuisoma.

Alifika Jumapili jua likiwa linashuka. Mbaluka akaita, "Othman! Nimekuletea shemeji, umhesabie viungo, vyote viko!" Hakuna aliyecheka. Abdulmalik alishuka akakanyaga tope na vile viatu, akaja mpaka kwenye pampu.

"Wewe ndiye?"

"Mimi ndiye."

Nilidhani atanipiga, nikaweka spana chini. Akaketi kwenye kreti. Akaniuliza nilikuwa wapi siku ile. Nikamwambia nilikuwa hukuhuku, kilimani, kwa sababu ya network, nilipanda adhuhuri nikashuka magharibi. Akasema, "Nionyeshe." Tukapanda. Kuna jiwe pale, nikamwonyesha. Alisimama juu yake muda mrefu. Kisha akasema, "Hapana kivuli hapa." Nikasema, "Hapana." Ndiyo yote tuliyosema juu ya siku ile.

Amekaa siku mbili. Amenisaidia kuhamisha mipira ya maji. Kazi haijui, lakini akishika kitu hakiachi. Jana alisimama katikati ya bamia akaniuliza, "Basi mimi nimeoa nani?" Nikamwambia mimi nilikuwa naye siku themanini na nane, na aliyekuwa naye miaka miwili baada ya hapo si mimi. Akainama tena kwenye mipira. Sijui atakuambia nini. Sikumwomba chochote kwa niaba yako. Nimeshasema kwa niaba yako vya kutosha.

Sasa la Baba. Kuna kitu kimoja ambacho sikukiandika kwenye gemu.

Siku ya tisa macho yake yalikuwa yamepotea. Mama alikuwa ametoka kuchota maji. Nilikuwa nimeshika miguu. Baba akaita, "Nasima?" Nikamwambia, Baba, Nasima yuko shule, anafanya mtihani, wewe mwenyewe ulikataa aitwe. Akaita tena. Mara ya tatu akajaribu kuinuka akutafute. Nikaifanya sauti yangu iwe nyembamba, nikasema, "Niko hapa, Baba." Akauliza, "Umemaliza?" Ulikuwa umebakiza karatasi mbili. Nikasema, "Nimemaliza." Akasema, "Haya." Akalala chali, akatulia, uso ukalegea kama siku zile akifunga chumba cha gemu akakuta hakuna kilichovunjika. Hakuita tena.

Nilipokuambia alifia usingizini, haikuwa kwa sababu nilikuhurumia. Nilikuambia hivyo kwa sababu neno lake la mwisho lilikuwa lako, na nililipokea mimi, na alifurahi. Sikujua jinsi ya kukurudishia kitu kama hicho. Yule mtu wa Kitui alipouliza afanye nini, nilikuwa nimeshajifunza kuwa wewe.

Hilo ndilo. Sina lingine.

Othman


Kitui,
5 Aprili 2026

Kaka Othman,

Asalaam aleikum. Mama anakusalimu, anasema uende ukaone mapazia. Mbaluka amekunywa chai vikombe viwili na anasema yeye si posta, lakini kiti ameshavuta.

Abdulmalik alirudi Jumatano ileile uliyoandika. Viatu vya Idi vimekufa. Alinipa barua yako, akaenda mbele kufungua duka. Nimeisoma mara nyingi, mwanzoni nikiwa nimesimama, kisha nikiwa nimeketi sakafuni. Sitaki kukudanganya katika hii barua, tumedanganyana vya kutosha. Ya Abdulmalik nimekusamehe, hata kabla hujaomba. Ya Baba bado. Nafika kwenye ile "Haya" yake, na namwonea wivu ndugu yangu mwenyewe, kisha nakuona umeishika miguu yake peke yako, nawe ulikuwa na miaka ishirini na mbili, na sijui tena nilikuwa nimekasirikia nini. Kisha nakumbuka. Nipe muda.

Tarehe 31 niliwasha mwenge wangu mwenyewe. Saa sita kasoro dakika chache nikaona wa pili umewaka, kwa hivyo huko mbele naye alikuwa ameshika simu. Saa sita skrini ikawa nyeupe, yakatokea maneno ya kutushukuru kwa kucheza. Hakuna mzee, hakuna saluti, hakuna taa. Nilipuliza mimi, fuu, kama mjinga, katikati ya chumba.

Karatasi ziko juu ya kabati, zimefungwa kwa kitambaa, hazijashonwa. Tunakula pamoja. Ananipitishia chumvi, anasema asante. Anakata mapazia kutwa, na mimi nasikia mkasi. Tangu Idi hajaniita jina.

Leo mchana wateja walipungua. Nilikuwa napanga nyuzi kulingana na rangi, si kwamba kuna aliyenituma. Mkasi ukanyamaza. Nikajua amesimama. Kisha kutoka upande ule wa pazia, taratibu, kama mtu asiye na hakika na nyumba anayoibishia hodi:

"Nasima?"

Kaka, nilisimama na nyuzi mkononi. Nikamfikiria Baba na macho yake yaliyopotea. Nikakufikiria wewe juu ya jiwe. Safari hii hapakuwa na mtu mwingine wa kuitikia.

"Niko hapa," nikasema. Sauti ilitoka mbaya, yenye mikwaruzo, lakini ilikuwa yangu.

Nikangoja. Kisha nikasikia mkasi umeanza tena kukata.

Mdogo wako,
Nasima binti Nuhu